Konsonanti Iliyopotea na Aibu ya Msemaji: Kihaya na Kiswahili Bukoba na Muleba

1.0 Utangulizi

Mmarekani akiisifu suruali ya mwenyeji wake jijini London kwa jina lililozoeleka kwao, huwa ameisifu chupi yake. Mikasa ya namna hii baina ya nchi zinazozungumza Kiingereza hujulikana sana, na aghalabu huishia katika kicheko. Katika wilaya za Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, mikasa kama hiyo hutokea baina ya lugha mbili za jamii moja, Kihaya na Kiswahili, na mara nyingine kicheko chake huwa na gharama. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya mikasa hiyo haitokani na ujinga wa msemaji, bali na mabadiliko yaliyokipata Kiswahili chenyewe.

Mwaka 1986, nikiwa mwanafunzi wa sekondari, nilihudhuria mazishi katika kijiji kimoja wilayani Muleba. Mzee mmoja wa ukoo alisimama kuwashukuru wageni, na kwa kuwa miongoni mwao alikuwamo mtumishi wa serikali aliyetoka pwani, akaona heshima kusema Kiswahili. Alikusudia kusema, “Sisi tuliofiwa tunawashukuru.” Kitenzi alichokitumia kilikuwa na konsonanti moja zaidi. Adabu hainiruhusu kukiandika. Msomaji atakipata akitia r baada ya irabu i. Vijana wa shule walicheka, nami nilikuwa mmoja wao. Mgeni aliinamisha kichwa. Mzee alikaa chini bila kumaliza maneno yake, na tangu siku ile mpaka alipofariki sikumsikia tena akisema Kiswahili mbele ya watu.

2.0 Sauti zilizodondoshwa

Kihaya, ambacho katika uainishaji wa Guthrie ni E22, kimo katika kundi la Rutara pamoja na Kinyambo, Kizinza na Kikerewe, na ng’ambo ya mpaka Runyankore, Rukiga, Runyoro na Rutooro. Sarufi yake imechunguzwa kwa kina, hususan katika kitabu cha Byarushengo, Duranti na Hyman cha mwaka 1977. Jambo linalotuhusu hapa ni moja tu: Kihaya kimehifadhi konsonanti kadhaa za Mame-Bantu ambazo Kiswahili kimezidondosha.

Kiswahili husema kuzaa, njaa na makaa. Kihaya husema okuzaala, enjala na amakala. Kiswahili chenyewe hukiri kwamba palikuwa na kitu, maana kuzaa kikinyambuliwa huwa kuzaliwa, na ile l iliyofichika hujitokeza. Mtoto wa Muleba huutambua ulinganifu huu bila kufundishwa: penye irabu mbili zinazofuatana katika Kiswahili, mara nyingi kwao pana kitambaza kati yake. Akikutana na kufiwa, huirudisha konsonanti mahali anapodhani imedondoka. Wala hakosei kihistoria. Luganda husema okufiirwa, na Runyankore okufeerwa, kwa maana ileile ya kufiwa, na hakuna anayeona haya kulitamka neno hilo matangani. Luganda nayo si lugha ngeni Bukoba. Ukristo uliingia huko kwa njia ya Buganda, misheni ya Kashozi ikaanzishwa mwaka 1892, na wengi wa Wakristo wa kwanza walisomeshwa dini kwa Luganda. Katika lugha hiyo r na l ni fonimu moja: r hutokea baada ya e na i, l kwingineko. Kwa hiyo r ya okufiirwa huja kwa kanuni, si kwa hiari ya msemaji. Balaa ni kwamba katika Kiswahili umbo hilo lilikwisha kuwa na mwenyewe, nalo ni tusi zito.

Mfano wa pili ni mwepesi zaidi. Kihaya husema okugamba kwa maana ya kusema. Kiswahili, kwa kuidondosha g, kikabaki na kuamba, ambacho leo twakisikia zaidi katika kuambia. Vivyo hivyo okugenda kikawa kwenda. Lakini Kihaya kina kitenzi kingine, okwenda, chenye maana ya kutaka na kupenda. “Ninkwenda” ya Kihaya ni “nakupenda”; sikio la Kiswahili husikia mtu anayeaga. Na mgeni wa pwani anayemuaga binti wa Kamachumu kwa kusema “nakwenda” huwa ametamka kitu kinachokaribia mno posa. Hapa pia Kihaya hakikusogea. Kiswahili ndicho kilichopoteza g na kuangukia mahali palipokuwa na mtu.

3.0 Maana zilizoachana

Si kila mkasa unaelezeka kwa kanuni za sauti. Okuchumba kwa Kihaya ni kupika. Mama anayechanganya lugha akasema “nimemchumbia mgeni” ana maana ya kuwa ndizi zipo tayari, ilhali msikilizaji anaelewa kwamba mwenye nyumba ameposa, tena mwanamke amemposa mwanamume. Hata hivyo Waganda wasingeshangaa sana: kwao okufumba ni kupika, na okufumbirwa, ambayo kwa umbo ni kauli ya kutendewa ya kitenzi hichohicho, ni kuolewa. Mswahili akisikia kufumba hufikiria macho.

Mbaya zaidi ni neno la Kinyarwanda masenge, yaani shangazi yangu, ambalo lina jamaa yake katika Luganda, ssenga. Wakimbizi wa Rwanda walipoingia Ngara na Karagwe kwa wingi mwaka 1994, mtu aliyemtaja shangazi yake kwa heshima zote alikuwa anakaribia tusi la Kiswahili ambalo sina haja ya kulieleza. Hapa sina kanuni ya kutoa.

4.0 Kuhusu ufundishaji

Walimu wetu huandika kando ya makosa haya maneno matatu: “athari ya lugha-mama”. Siyapendi maneno hayo. Yanamfanya mwanafunzi aone kwamba Kihaya ni ugonjwa unaokishambulia Kiswahili, ilhali alichokifanya ni kulinganisha lugha kwa mantiki ambayo sisi twaifundisha chuo kikuu kwa jina la isimu historia. Jedwali la mistari sita katika darasa la nne, lenye kuzaa na okuzaala, kwenda na okugenda, lingetosha kumwonyesha palipodondoshwa sauti, na kumwonya waziwazi mahali ambapo hapaswi kuirudisha. Tangu mwaka 2006 mwalimu anayo pia kamusi ya Kihaya, Kiingereza na Kiswahili ya Muzale, iliyotolewa na Mradi wa Lugha za Tanzania. Ugumu uliobaki ni kwamba onyo lenyewe hudai neno litamkwe, na mwalimu huona aibu.

Katika semina moja niliandika ubaoni kitenzi cha yule mzee, kando yake okuzaala na okufiirwa, nikawataka wanafunzi wa uzamili wanionyeshe kosa lake kifonolojia. Hawakuliona. Mmoja wao, mwenyeji wa Tanga, aliniomba tu nikifute kabla darasa linalofuata halijaingia.