Maneno Matatu Juu ya Protini Moja ya Ubongo: Kushika, Kupandikiza, Kusafisha

0. Utangulizi

Kichupa kiletwacho katika maabara ya biolojia huwa kimebandikwa karatasi yenye maneno machache: protini ya ubongo yenye kushika kalsiamu, ya jeni iliyopandikizwa, iliyosafishwa, kwa utafiti tu. Kila neno lina uzito wake, na mtafiti asiyelipima vema huweza kutangaza matokeo ya uongo. Makala hii yakusudia kuyafafanua maneno hayo kwa Kiswahili, kwa kutumia mfano wa protini iitwayo S100B.

1. Jina na asili

Protini za jamii hii zilitengwa mara ya kwanza na B. W. Moore, huko Marekani, mwaka 1965, kutoka katika ubongo wa ng'ombe. Jina lao latokana na tabia yao: hubaki zimeyeyuka hata katika maji yaliyoshiba salfeti ya amonia kwa 100%, hali ambayo huzitenga na maji protini nyingi nyingine. S100B hutengenezwa hasa na astrositi, yaani seli zenye umbo la nyota ambazo huzitunza seli za neva. Kipande chake kimoja kina asidi amino 92, na kwa kawaida vipande viwili hukaa pamoja kama mapacha. Kwa binadamu, jeni yake iko katika kromosomu ya 21.

2. Kushika

Ndani ya seli iliyotulia, kalsiamu ni haba mno: ile iliyo nje huizidi mara 10,000 hivi. Kalsiamu inapoingia huwa ni mjumbe, na protini kama S100B ndizo zimpokeazo. Mwaka 1973 R. H. Kretsinger, akichunguza protini ya misuli ya samaki, alilifananisha umbo la mahali pa kupokelea kalsiamu na mkono: kidole gumba na kidole cha shahada vimenyooshwa, kalsiamu ikakaa katikati. Kila kipande cha S100B kina mikono miwili ya namna hiyo, mmoja hushika kwa nguvu zaidi kuliko mwenzake.

Wengine husema protini hiyo "hufunga" kalsiamu. Neno hilo lina utata, kwani kifungwacho hakitoki mpaka kifunguliwe. "Kunasa" nako kwadokeza mtego. "Kushika" kwafaa zaidi: mkono hushika, kisha huachia. Tena, protini ikiisha kushika hubadili umbo, ikafunua upande usiopenda maji, na kwa upande huo ikagusana na protini nyingine.

3. Kupandikiza

Hapo awali S100B ilitolewa katika bongo za ng'ombe waliochinjwa. Mwezi wa Machi 1996, serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba yamkini kichaa cha ng'ombe kilihusika na ugonjwa mpya wa ubongo wa binadamu. Hiyo ikawa sababu moja zaidi ya kujihadhari na bongo hizo.

Njia nyingine ni kuichukua jeni ya binadamu, kuiunganisha na duara dogo la ADN, na kuliingiza duara hilo katika bakteria iitwayo Escherichia coli. Mkulima wa miembe ajua jambo hili: kitawi cha mti mmoja hupandikizwa juu ya shina la mwingine, na tunda hufuata kitawi, si shina. Vivyo hivyo bakteria hutoa protini ya binadamu. Lakini shina halipotei. Masalio yake huandamana na tunda.

4. Kusafisha

Hapa tabia ya kushika yatumika kwa werevu. Mchanganyiko uliotoka katika bakteria hutiwa kalsiamu, kisha hupitishwa katika mrija uliojazwa punje zivutazo pande zisizopenda maji. S100B hunata, nyingi nyingine hupita. Kisha humiminwa EDTA, ambayo huipokonya protini kalsiamu yake. S100B huuficha upande ule na kuachia punje.

Karatasi ya kichupa huweza kusema kwamba usafi wazidi 95%. Asilimia hiyo kwa kawaida huhesabu protini peke yake. Sumu ya ganda la bakteria, endotoksini, si protini, basi haionekani katika hesabu hiyo. Nayo, hata ikiwa kidogo sana, huziamsha seli za kinga za ubongo na kuleta uvimbe. S100B yenyewe, ikizidi kipimo, huleta uvimbe pia. Ikiwa kidogo, husaidia neva kukua. Asiyepima endotoksini aweza kuisingizia protini kosa la bakteria. Dawa ni kuipima sumu hiyo, na kulinganisha na bakteria zisizo na jeni hiyo, zilizopitishwa katika usafishaji ule ule.

5. Hitimisho

Mnyambuliko wa kutendwa wasema kwamba tendo limetendwa. Hausemi limefika wapi. "Iliyosafishwa" si "safi". Na "kwa utafiti tu" ni katazo: hospitali fulani hupima S100B katika damu ya mtu aliyeumia kichwa, lakini kilicho katika kichupa si dawa ya kumdunga mgonjwa. Lugha ya sayansi yadai usahihi kabla ya madaha, na Kiswahili chaweza kuutoa, mradi watumiaji wake wayapime maneno kama wapimavyo dawa.