Je, Wajua? Filamu Nilizotazama Mwezi Huu

Je, wajua kwamba Get Out, filamu ya Marekani ya mwaka 2017, ina wimbo wa Kiswahili kwenye majina ya mwanzo? Unaitwa "Sikiliza kwa Wahenga", umetungwa na Michael Abels, na ndani yake kijana anaonywa kuhusu hatari iliyo mbele yake. Yeye haelewi neno. Sisi tunaelewa, ndiyo maana filamu hii inatutisha mapema kuliko wengine.

Je, wajua kwamba katika Return of the Jedi ya 1983, yule rubani msaidizi mwenye mashavu ya kuning'inia anaongea Kikuyu? Sauti ni ya mwanafunzi Mkenya, Kipsang Rotich. Nilimwita jirani yangu, mtu wa Nyeri, aje asikilize. Alielewa papo hapo, akaniomba nirudishe nyuma mara tatu.

Hatari! ya 1962, je? Ilipigwa Tanganyika, na waigizaji wenyewe, John Wayne akiwemo, ndio waliokuwa juu ya magari wakiwakimbiza wanyama. Mapenzi yake ni mepesi mno. Mtazame faru wa mwanzo tu.

Je, wajua kwamba tumbusi mmoja alikatiza maisha ya mtu aliyeipiga filamu mashuhuri kuliko zote kuhusu Serengeti? Michael Grzimek, Mjerumani wa miaka 24, alikuwa akihesabu wanyama kutoka angani pamoja na baba yake, Bernhard. Ndege yao waliipaka milia kama ya punda milia. Januari 1959 ndege hiyo ikagongana na tumbusi, ikaanguka, Michael akafa. Filamu ikamaliziwa bila yeye, na mwaka 1960 ikapata Oscar. Nimeitazama mara mbili wiki hii. Makundi ya nyumbu yalipokuwa yakitambaa chini ya bawa, chai yangu ilipoa mezani. Lakini Wamaasai wanaonekana tu, wanasemewa na msimulizi, na ni mwaka huo huo wa 1959 walipotolewa Serengeti. Hilo linaniuma kila ninapoiona, na sioni njia ya kuisifu filamu hii bila kulitaja. Michael amezikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, kando ya barabara ya watalii; baba yake alimfuata hapo hapo baada ya kufariki mwaka 1987.

Je, wajua kwamba Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa Toronto mwaka 2021 na baadaye ikapelekwa na Tanzania kuwania Oscar? Kwangu ndiyo filamu nzuri kuliko zote za mwezi huu. Vichochoro vya Unguja usiku, mwanga wa taa ukutani, watu wanaozungumza polepole kama wazungumzavyo kweli. Riwaya isomeni pia, ina mengi ambayo filamu haikuweza kuyabeba.

Na The Letter, filamu ya hali halisi ya Maia Lekow na Chris King, kutoka pwani ya Kenya? Kijana anarudi nyumbani kutoka Mombasa baada ya kusikia kwamba bibi yake mwenye umri wa zaidi ya miaka 90 anaitwa mchawi. Tuhuma zinatoka ndani ya ukoo wenyewe, na nyuma yake kuna shamba. Mama yangu aliitazama nami kimya hadi mwisho, kisha akachukua simu, akampigia bibi.