Fahamu: Je, wachezaji waliovuka umri wabaki katika hoki ya vijana ya Kanada?

Hoki ya barafuni, mchezo ambao timu mbili zenye viatu vya kuteleza hugombea kisahani kigumu cha raba kwa magongo, ina ligi kuu tatu za vijana nchini Kanada, yaani OHL, WHL na QMJHL, ambamo wengi wana umri wa miaka 16 hadi 20, na kila timu huruhusiwa wachezaji watatu tu wa miaka 20, ambao ndio huitwa waliovuka umri.

Wanaopinga wana hoja nzito, kwani kumkumba mpinzani kwa bega ni halali, na kijana wa miaka 16 anayebanwa ukutani na mtu mzima aliyekomaa misuli hupambana na nguvu asiyo nayo bado. Hata hivyo, wakubwa hao mara nyingi ndio manahodha na walezi wa wadogo.

Uamuzi wa NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, wa Novemba 2024 uliwafungulia wachezaji wa ligi hizo milango ya vyuo kuanzia Agosti 2025, hivyo anayetimiza miaka 20 sasa ana pa kwenda. Nafasi tatu zibaki, lakini zisiongezwe.