Dawa ya Siku za Uzima

Mtu atokaye katikati ya jiji la Nairobi jioni, akauacha nyuma moshi wa matatu za Westlands, akaifuata Barabara ya Lower Kabete na kupita Spring Valley hadi akaingia Kitisuru, hapati shida kufahamu kwa nini mtaa huu umekuwa tamaa ya wenye vifua vibovu. Miti ya zamani, mingine ikiwa masalio ya mashamba ya kahawa yaliyokuwa yametanda huku, ingali imesimama. Mabonde huamka yamefunikwa ukungu. Na hewa, kwa kuwa tuko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, ni baridi na haina harufu ya dizeli. Kwa hiyo wagonjwa wa pumu, pindi riziki inapowafungukia, hudhani kuwa kuhamia pande hizi ni nusu ya tiba, na wengi wao hushangaa sana mwezi wa Julai unapoingia na jua likajificha wiki nzima, wakajikuta wameketi kitandani saa tisa za usiku, mikono imeshika magoti, kifua kinalia filimbi.

Dhana yao ina ukweli kidogo na upungufu mwingi. Moshi umepungua, hilo halikanushiki. Lakini badala yake imekuja chavua ya nyasi na ya miti ileile iliyosifiwa, koga la kuta zisizopata jua, manyoya ya paka na mbwa wanaolala sebuleni, na vile vijidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo makazi yake ni mazulia na magodoro. Na asidhani mtu kuwa mtaa wote ni wa majumba. Wadi ya Kitisuru ina Loresho na Kyuna, lakini ina Kibagare pia, ambako jiko la makaa au la mafuta ya taa huwaka ndani ya chumba kimoja kilicho jikoni, sebule na malazi kwa pamoja. Mtunza bustani na mwenye bustani huweza kuwa na maradhi mamoja, kila mmoja akachokozwa na jambo lake. Mji wenyewe una sehemu yake ya lawama: mwaka 1998 madaktari Lydiah Ng'ang'a, Joseph Odhiambo na wenzao walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya watoto wa shule waliokimbizwa kisha wakapimwa pumzi, na ikadhihirika kwamba mirija ya hewa ilijibana kwa kiasi cha watoto 23 katika kila 100 wa Nairobi, ilhali huko Murang'a mashambani walikuwa 13.

Pumu ni maradhi yenye sura mbili, na asiyeifahamu tofauti yake hataelewa kwa nini dawa zake ni za namna mbili. Sura ya kwanza ni ile ya ghafula: misuli iliyoizunguka mirija ya hewa hukaza, njia ikawa nyembamba, pumzi ikaingia kwa shida na kutoka kwa shida zaidi. Sura ya pili haina kelele, nayo ndiyo asili ya ile ya kwanza: ngozi ya ndani ya mirija hubaki imevimba na kuwa nyekundu, ikitoa belghamu nzito, hata siku ambazo mgonjwa anacheka, anakula na kupanda ngazi bila ya taabu. Mgonjwa huiona sura ya kwanza tu, na huihesabu pumu yake kwa idadi ya mashambulio. Tabibu hodari huihesabu kwa hali ya siku za katikati.

Wahenga wa utabibu waliihangaikia sura hiyo ya kwanza kwa karne nyingi. Musa bin Maimun, tabibu wa Misri wa karne ya 12, aliandika kwa Kiarabu risala nzima juu ya pumu kwa ajili ya mgonjwa wa jamaa ya kifalme, akamshauri kuhusu chakula, usingizi, hewa na utulivu wa moyo kuliko alivyomshauri kuhusu dawa. Nami naona ushauri wake haujachakaa. Wahindi walivuta moshi wa majani ya mranaha, mmea uleule wenye maua kama tarumbeta uotao hovyo kandokando ya njia zetu, na katika karne ya 19 Waingereza wakaiga wakauza sigara za pumu; ajabu ni kwamba ilifaa kiasi, kwa maana mmea huo una sumu inayolegeza mirija, ila hiyo hiyo huweza kumtia mtu wazimu au kumuua. Theodore Roosevelt, aliyekuja kuwinda katika nchi hii mwaka 1909 akiwa ametoka urais wa Marekani, alikuwa na pumu kali utotoni, na baba yake alikuwa akimnywesha kahawa nyeusi usiku kumpa nafuu. Hiyo nayo haikuwa ushirikina. Kafeini ni ndugu wa theofilini, dawa iliyopatikana mara ya kwanza katika majani ya chai mwaka 1888, na ambayo vidonge vyake vimewatibu wazee wetu wengi. Pengine vibarua wa mashamba ya kahawa ya Kitisuru walikuwa wakiipitisha mikononi dawa yao wenyewe bila ya kujua, lakini hilo nalisema kwa mzaha.

Mageuzi ya kweli yalianza kwa swali la mtoto. Katika mwaka 1955 binti wa George Maison, mkuu wa kampuni ya dawa ya Riker huko Marekani, alichoshwa na kipulizio chake cha kioo cha kufinya kwa mkono, akauliza kwa nini dawa ya pumu isitiwe katika kopo la kupuliza kama manukato ya nywele. Mwaka uliofuata inhela ya kwanza ya kubonyeza ikawa sokoni. Huko Uingereza, jopo la mtafiti David Jack likavumbua salbutamoli, ambayo iliingia madukani mwaka 1969 ikiitwa Ventolin, na mwaka 1972 ikafuata beklometasoni ya kuvuta, dawa ya jamii ya steroidi. Tangu hapo silaha zote mbili zilikuwa mezani: ya kulegeza misuli iliyokaza, na ya kutuliza uvimbe usioonekana.

Na hapa ndipo hoja yangu ilipo. Dawa ya kwanza, ambayo aghalabu huja katika inhela ya samawati, hufanya kazi kwa dakika chache, na mtu huihisi ikifungua kifua kama dirisha. Baada ya saa nne au sita nguvu zake huisha. Dawa ya pili, ambayo mara nyingi huwa ya rangi ya kahawia au ya machungwa, mgonjwa haihisi kabisa. Ataivuta asubuhi na jioni kwa siku nyingi bila ya kuona ishara yoyote, na faida yake itakuja polepole kwa jambo ambalo ni vigumu kulishukuru, yaani usiku ambao hakuna lililotokea. Binadamu kwa tabia yake humwamini anayemwokoa kuliko anayemlinda. Hivyo inhela ya samawati hununuliwa, hubebwa mfukoni, huazimwa na jirani. Na ile nyingine hutumiwa hadi nafuu ipatikane, kisha ikasahauliwa rafuni, na hata baadhi ya matabibu huiandika kwa sauti ya chini kana kwamba wanaomba radhi.

Kosa hilo limekwisha kuua watu. Katika miaka ya 1960 vifo vya pumu vilipanda ghafula Uingereza na nchi nyingine kadhaa, vikahusishwa na inhela kali za kulegeza misuli ambazo ziliwapa wagonjwa faraja ya kuwatosha wasiende hospitali, huku mirija ikizidi kuvimba chini ya faraja hiyo. Ilichukua muda mrefu mno kwa funzo hilo kuwa sharia ya tiba. Mwaka 2019 ndipo GINA, jopo la kimataifa linaloongoza tiba ya pumu, lilipotamka kwamba mtu mzima au kijana asitibiwe kwa salbutamoli peke yake, na kwamba hata mwenye pumu nyepesi apate steroidi ya kuvuta, ama kila siku ama pamoja na formoteroli, dawa nyingine ya kulegeza misuli, ndani ya inhela moja itumiwayo kifua kinapobana. Kipimo chao cha hatari ni chepesi, na kila mtu aweza kukitumia nyumbani: anayemaliza makopo matatu ya salbutamoli au zaidi kwa mwaka, kila kopo likiwa na mibonyezo 200, yumo katika hatari ya kuzidiwa, anayemaliza 12 yumo katika hatari ya kifo. Wako watu Nairobi wanaolimaliza kopo kwa mwezi na kujiona wanaimudu pumu yao vyema.

Kwa nini dawa iliyo bora haipokelewi? Sababu moja ni itikadi, iliyoenea pande zote za bonde, kwamba inhela ni tiba ya mwisho, na kwamba atakayeizoea hataiacha; basi mzazi huona heri mtoto ameze vidonge au sharubati ya salbutamoli, ambayo hupita tumboni na kuenea mwili mzima ikitetemesha mikono na kuupiga moyo mbio, kuliko kuvuta kiasi kidogo sana kiendacho moja kwa moja kifuani. Neno steroidi nalo limetiwa hofu na visa vya watu waliovimba nyuso kwa kumeza vidonge muda mrefu, ijapokuwa kiasi cha kuvuta huhesabiwa kwa mikrogramu, na madhara yake ya kawaida, utando mweupe mdomoni na sauti ya kukwaruza, hupunguzwa kwa kusukutua maji baada ya kila mvuto. Sababu nyingine ni haya. Msichana atakayetoa inhela mkobani mbele ya wakwe watarajiwa ni shujaa.

Halafu ipo bei, na hapa mtunza bustani na mwenye bustani huachana. Mwenye bima nzuri huenda hospitalini Parklands, akapimwa kwa mashine ya kupuliza, akarudi baada ya wiki kadhaa ili dawa ipandishwe au ipunguzwe. Kwa hakika dawa mwafaka hupatikana hivyo, kwa kurudi na kurudi. Wa Kibagare huingia duka la dawa akanunua kinachotosha kwa fedha aliyonayo, na inhela ya kulegeza ni nafuu kuliko ya kukinga. Utamlaumu nani? Shirika la Afya Ulimwenguni limeziweka dawa hizi zote katika orodha ya dawa muhimu, lakini orodha hailipi bili.

Kuna jambo moja lisilohitaji fedha. Wengi hubonyeza inhela na kumeza hewa kwa pupa, dawa ikagonga koo ikaishia hapo. Yafaa kulitikisa kopo, kutoa pumzi yote, kubonyeza wakati uleule wa kuanza kuvuta taratibu, kisha kuizuia pumzi kwa hesabu ya kumi. Mtoto asiyeweza hayo huhitaji chombo cha kupokea dawa kati ya kopo na mdomo, na Heather Zar na wenzake wa Cape Town walithibitisha mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitako kwa ukubwa wa mdomo wa inhela, ilifanya kazi sawa na vyombo vya dukani.

Hata gesi iliyomo ndani ya kopo ina kisa kinachokaribia nyumbani. Ukivuka Barabara ya Limuru kutoka Kitisuru unafika Gigiri, na huko, katika makao ya Umoja wa Mataifa ya mazingira, ndiko iliko sekretarieti ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, ambao ulizifukuza gesi za zamani za inhela kwa kuwa ziliharibu tabaka la ozoni. Gesi zilizozirithi haziigusi ozoni bali huongeza joto la dunia, na makubaliano ya Kigali ya mwaka 2016 yameagiza matumizi yake yapunguzwe hatua kwa hatua. Watengenezaji wanatafuta gesi nyingine, na wengine wanawasukuma wagonjwa watumie inhela za unga zisizo na gesi. Nazo ni nzuri kwa mtu mzima aliyetulia. Lakini unga huvutwa kwa nguvu za mapafu yenyewe, na mtoto mdogo, au mtu aliyekwisha kubanwa, nguvu hizo hana.