Kupima Oili ya Pikipiki ya Zamani

Petroli ndiyo iendeshayo pikipiki, lakini oili ndiyo iihifadhiyo. Petroli ikimwishia mtu njiani, ataisukuma pikipiki yake mpaka ipatikanapo petroli nyingine, na hasara yake itakuwa jasho tu. Lakini oili ikiisha, injini huweza kuharibika kwa muda wa dakika chache, na jasho la siku nzima haliwezi kuitengeneza. Tena petroli ikikaribia kwisha, injini hukohoa na kukatakata, na hiyo ni ilani. Oili hupungua kimya. Pikipiki nyingi za zamani hazina taa ya kumwonya mwendeshaji. Kwa hiyo imempasa aitazame oili kwa macho yake mwenyewe, na kuitazama kwa njia iliyo sawa, kwa maana kipimo kilichopimwa vibaya hudanganya.

Ndani ya injini mna silinda, na ndani ya silinda mna pistoni ipandayo na kushuka. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, pistoni hupanda mara 100 na kushuka mara 100 katika kila sekunde moja. Juu yake petroli huwaka, na joto la moto huo hupita digrii 2,000 za sentigredi. Vyuma vikisuguana katika hali hiyo bila kitu katikati, hukwaruzana, hupata moto, hutanuka, na mwisho hushikamana. Oili huingia katikati yake kama utando mwembamba kuliko unywele, ikavitenga visigusane. Pia huchukua joto na kulipeleka kwenye kuta za injini zipigwazo na upepo, tena huosha masizi na chembe za chuma.

Pistoni ikishikamana na silinda wakati pikipiki inakwenda kasi, gurudumu la nyuma huweza kukwama ghafula, na mwendeshaji akaanguka pamoja na abiria wake. Basi kupima oili si kuhifadhi mali tu; ni kuhifadhi watu pia.

Tutwae mfano wa pikipiki moja iliyojulikana sana. Mwaka 1976 kiwanda cha Honda cha Ujapani kilitoa pikipiki iitwayo CG125. Wahandisi wake walikuwa wamechunguza jinsi pikipiki zitumikavyo katika nchi zenye barabara mbaya na mafundi wachache, wakaona kuwa watu wengi hukawia mno kubadili oili. Kwa hiyo waliunda injini iliyo rahisi kutengenezwa, yenye kuvumilia taabu. Sifa yake ilienea, na viwanda vya China vikaunda injini nyingi za namna hiyo, ambazo zimechukua abiria wengi wa bodaboda katika Afrika ya Mashariki. Walakini hata injini hiyo ngumu hutiwa oili kiasi cha lita moja tu, na lita hiyo moja huhudumia pistoni, gia na klachi pamoja. Ikipotea robo lita, yaani kikombe kimoja kikubwa cha chai, imepotea robo ya oili yote.

Na oili hupotea kweli. Katika injini iliyozeeka, ringi za pistoni zimelika, hata oili hupanda juu kidogo kidogo na kuungua pamoja na petroli. Ndipo moshi wa rangi ya samawati huonekana nyuma. Pengine oili hutoka tone baada ya tone pale vipande vya injini viunganapo. Haba na haba hujaza kibaba. Na haba na haba hukimaliza pia.

Namna ya kuipima CG125 ni hii. Kwanza, pikipiki husimamishwa mahali palipo sawa, juu ya stendi yake ya katikati, au mtu mmoja huishika wima wakati mwenzake anapopima. Pili, injini huwashwa, ikaachwa ingurume polepole kwa dakika chache, kisha huzimwa. Tatu, mtu hungoja dakika mbili au tatu, ili oili iliyorushwa juu ipate kuteremka chini. Nne, hufungua kifuniko cha oili ambacho kijiti cha kupimia kimeshikamana nacho, akakifuta kijiti kwa kitambaa safi. Tano, hukirudisha kijiti katika tundu lake mpaka kifuniko kiketi juu ya mdomo wa tundu, bila kukikaza. Kisha hukitoa na kutazama.

Kijiti kina alama mbili. Oili ikifika kwenye alama ya juu, imetosha. Ikiwa katikati ya alama hizo, pikipiki yaweza kwenda. Ikiwa karibu na alama ya chini, yafaa kuongeza. Na ikiwa chini ya alama hiyo, au haionekani kijitini, haifai injini kuwashwa tena kabla ya kuongezwa oili. Mwenye busara huongeza kidogo, hungoja, hupima tena, wala hamimini chupa nzima kwa kukisia. Huongeza oili ya namna iliyoandikwa katika kitabu cha pikipiki yake.

Kila hatua ina sababu yake. Asiyekifuta kijiti huona oili iliyorukia juu yake wakati injini ilipokuwa ikizunguka, naye hajui ni ipi iliyo kweli. Anayekikaza kijiti hukiingiza ndani zaidi, hata alama ya oili huonekana juu kuliko ilivyo. Hudhani inayo ya kutosha, kumbe imepungua. Pikipiki ikiegemea stendi ya pembeni, hulala upande wa kushoto, na oili hukusanyika huko; kijiti kilicho upande wa kulia huonyesha kidogo, na mwenyewe huongeza isiyohitajiwa. Lakini yafaa kujua kuwa si pikipiki zote zilizo sawa. Nyingine hupimwa kijiti kikiwa kimekazwa, na nyingine hazina kijiti ila kidirisha cha kioo chenye alama mbili. Kitabu cha pikipiki yenyewe ndicho mwamuzi.

Wako wadhanio kwamba oili ikizidi haidhuru. Sivyo. Oili nyingi mno hupigwapigwa na vyuma vizungukavyo hata ikafanya povu, na povu ni hewa, haliwezi kutenga chuma na chuma. Tena nguvu ya ndani huisukuma oili itoke penye maungio, au iingie katika kichujio cha hewa.

Kijiti huonyesha mambo mengine pia. Oili nyeusi huenda imefanya kazi yake ya kuosha, lakini ikiwa nyeusi na nzito, wakati wa kuibadili umefika. Ikiwa nyeupe kama maziwa, imechanganyika na maji. Ikinuka petroli, na kipimo kimepanda bila mtu kuongeza kitu, kuna hatari: oili haizai. Aghalabu petroli imevuja kutoka kabureta ikashuka ndani ya injini na kuizimua oili. Hapo dawa si kupunguza kipimo tu, ila kuziba mahali pavujapo na kutia oili mpya.

Pikipiki zilizo za zamani zaidi zina siri nyingine. Katika vita vya 1939 hata 1945, jeshi la Uingereza lilitumia sana pikipiki ya BSA M20. Oili yake haikai chini ya injini, bali katika tangi lake mbali na injini. Pampu huipeleka oili injinini na kuirudisha tangini. Pikipiki hiyo ikikaa majuma mengi bila kuwashwa, oili huteremka polepole kwa uzito wake mpaka ndani ya injini, na tangi huonekana kama limepungukiwa. Asiyejua hulijaza; akiwasha injini, pampu huirudisha ile ya kwanza, na tangi hufurika. Ajuaye huwasha kwanza, hungoja oili irudi, ndipo apime. Walakini tangi likiwa tupu kabisa, hutia kidogo kabla ya kuwasha, ili pampu isizunguke kavu.

Kazi hii yote haichukui robo saa, wala haihitaji chombo zaidi ya kitambaa safi. Mwenye pikipiki ya zamani apimaye kila juma, na kabla ya kila safari ndefu, huijua injini yake: hujua yala oili kiasi gani, na ikianza kula zaidi hutambua mapema. Asiyepima hungoja habari kutoka kwa injini yenyewe, na habari hiyo huja siku ya kuvunjika. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

MASWALI

1. Oili hufanya kazi gani tatu ndani ya injini?
2. Kwa nini yafaa kungoja dakika mbili au tatu baada ya kuzima injini?
3. Mtu akikikaza kijiti cha CG125 wakati wa kupima, atadanganyika namna gani?
4. Injini ina lita moja ya oili. Kila juma hupoteza sehemu moja katika ishirini. Baada ya majuma matano itakuwa imepoteza kiasi gani?
5. Eleza kwa nini tangi la BSA M20 huonekana kama limepungukiwa baada ya pikipiki kukaa majuma mengi.