Mifereji ya ubongo wa kima na mkasa wa Becky na Lucy

UBONGO wa kima aina ya rhesus, mnyama wa Asia anayetumiwa sana katika maabara, una uzito wa gramu 90 hivi na hukaa katika kiganja cha mkono. Sehemu yake ya mbele, iliyo nyuma ya paji la uso, ina mifereji michache tu, tofauti na ya binadamu iliyojaa mikunjo.

Mfereji wa kati ndio mpaka wa nyuma wa sehemu hiyo. Ukanda ulio mbele yake huamrisha mikono, miguu na uso. Ukisogea mbele zaidi unakutana na mfereji uliopinda kama upinde. Ukingo wake wa mbele huyaelekeza macho. Katikati ya upinde huo umelala mfereji mfupi ulionyooka, mithili ya mshale. Wanasayansi huuita mfereji mkuu, na jina hilo linaustahili.

Katika miaka ya 1930, Carlyle Jacobsen wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alificha chakula chini ya kimoja cha vikombe viwili huku kima akitazama, kisha akashusha pazia kwa sekunde chache. Kima mzima huchagua kikombe sahihi. Aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo, pande zote mbili, hubahatisha, ingawa anaona vizuri. Baadaye ilibainika kuwa kuliharibu eneo la mfereji mkuu pekee kunatosha. Mwaka 1971, watafiti wa Marekani na Japan walinasa seli za sehemu hiyo zikitoa ishara wakati mnyama akisubiri.

Lakini binadamu walikuwa wamekwishaguswa. Jacobsen na John Fulton waliwafanyia upasuaji kama huo sokwe wawili, Becky na Lucy. Becky, aliyeghadhibika kila alipokosea, akawa hajali. Lucy, aliyekuwa mtulivu, akawa mwenye hasira. Matokeo yalitolewa London Agosti 1935. Novemba mwaka huo, daktari Egas Moniz wa Ureno, aliyehudhuria mkutano huo, alianzisha upasuaji wa wagonjwa wa akili mjini Lisbon. Wanahistoria wanabishana iwapo sokwe hao ndio waliompa wazo. Lisilo na ubishi ni kwamba Lucy alisahauliwa upesi.

Moniz alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1949. Rosemary Kennedy, dada wa John F. Kennedy aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alipasuliwa mwaka 1941 akiwa na umri wa miaka 23. Aliishi chini ya uangalizi hadi alipofariki mwaka 2005.