Laki Mbili na Nusu kwa Siku

Katika kampuni nyingi za Dar es Salaam, mtu ambaye malipo yake yanajulikana na ofisi nzima ni yule asiye mwajiriwa. Mshahara wa mwajiriwa huishia kwa ofisa rasilimali watu na mhasibu wa mishahara. Malipo ya mtaalamu wa mkataba yana safari ndefu zaidi. Ankara yake huanzia kwa meneja wa mradi anayesaini siku alizofanya kazi, hupita manunuzi, hufika uhasibu, na kila meza ina macho yake. Haichukui wiki mbili kabla watu hawajajua kwamba yule kijana aliyeletwa kuhamisha taarifa za wateja kwenye mfumo mpya analipwa laki mbili na nusu kwa siku.

Hapo ndipo maneno huanza. "Mkuu, leo chakula juu yako." "Kaka, siku zako nne ndiyo mwezi wangu mzima." Mengine ni utani wa kweli, mengine yamebeba uchungu, na mtaalamu mwenyewe mara nyingi hajui acheke, anyamaze au atoe pochi.

Tuchukue mfano wa watu wawili wanaokaa meza moja. Mmoja ameajiriwa kwa mshahara wa shilingi 3,000,000 kwa mwezi, mwingine analipwa 250,000 kwa siku. Hesabu ya ofisini ni rahisi: siku 22 mara laki mbili na nusu ni 5,500,000, karibu mara mbili ya mshahara wa mwenzake. Tatizo ni kwamba hakuna mwaka wenye miezi 12 ya siku 22 za malipo. Siku za kazi, Jumatatu hadi Ijumaa, ni kama 260. Ondoa sikukuu, tuseme 15. Ondoa wiki nne za mapumziko ambazo mwajiriwa hulipwa, kwa kuwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa siku 28 za likizo ya mwaka. Ondoa siku tano za homa na kuuguza mtoto. Kisha ondoa miezi miwili ya kutafuta kazi baada ya mradi mmoja kwisha na kabla mwingine haujasainiwa, muda ambao wengi wangeuona mfupi. Zinabaki kama siku 180, yaani shilingi 45,000,000 kwa mwaka, au 3,750,000 kwa mwezi.

Pembeni ya hiyo weka gharama halisi ya yule mwajiriwa. Mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hubeba angalau nusu yake, kwa hiyo kuna 300,000 kila mwezi ambazo mfanyakazi hazioni mkononi lakini ni zake. Zipo pia tozo ya kuendeleza ufundi stadi na mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambazo mwajiri hulipa peke yake. Kwa mshahara na pensheni tu, mwajiriwa anafikisha 3,300,000. Tofauti iliyobaki ni 450,000, na ndani yake mtu wa mkataba anunue bima ya afya ya familia, kompyuta, bando la intaneti na huduma ya mhasibu. NSSF inapokea wanachama waliojiajiri, ila michango yote inatoka mfukoni mwao.

Kwa mwanamke pengo ni kubwa zaidi. Mwajiriwa anayejifungua ana siku 84 za likizo yenye malipo. Dada wa mkataba wa huduma akijifungua, hana siku hata moja ya kulipwa na mteja wake, na mara nyingi hana uhakika wa kuikuta kazi akirudi. Hili halitajwi kabisa kwenye utani wa chakula cha mchana, nami naona ndilo lingestahili kutajwa kwanza.

Kuna kauli nyingine ambayo wahasibu huisikia kila mwezi: "Wewe unakatwa asilimia tano tu, sisi tunanyongwa na thelathini." Asilimia 5 hiyo ni kodi ya zuio ambayo mteja huikata kwenye malipo ya huduma na kuipeleka Mamlaka ya Mapato (TRA). Ni malipo ya awali, wala haifungi hesabu. Mtaalamu hukadiriwa kodi ya mapato na kuilipa kwa awamu nne, huwasilisha ritani baada ya mwaka kwisha, na faida yake hutozwa kwa viwango vilevile vinavyofika asilimia 30. Cheti cha kodi ya zuio humpunguzia deni, mradi mteja amempa cheti hicho, na kukifuatilia ni kazi isiyolipwa. Wa mkataba anayedhani asilimia tano imemaliza mambo anajichimbia shimo, na wapo.

Kwa nini basi kampuni zikubali kulipa kiwango cha siku kinachoonekana kikubwa? Kwa sababu zinanunua pia uhuru wa kuachana na mtu. Mradi ukiisha hakuna kiinua mgongo, hakuna mazungumzo na chama cha wafanyakazi. Zaidi ya hapo, bajeti ya mishahara hulindwa sana na makao makuu, wakati bajeti ya mradi ina nafasi. Meneja aliyekataliwa nyongeza ya laki tatu kwa mtu wake mzuri anaweza kuidhinishiwa milioni tano za mtaalamu wa nje katika wiki hiyohiyo. Mfanyakazi anayeliona hilo ana haki ya kuumia, lakini anayemwumiza hakai meza ya jirani.

Bei ya uhuru huo ilionekana wazi mwanzoni mwa 2025. Januari 20 Rais Donald Trump alisimamisha misaada ya Marekani kwa nchi za nje, na ndani ya siku chache miradi ya USAID, shirika la misaada la nchi hiyo, katika Afrika Mashariki ilipokea amri za kusitisha kazi. Waajiriwa na washauri waliumia pamoja. Tofauti ni kwamba mwajiriwa alikuwa na sheria ya notisi na mafao ya kudai, mshauri alikuwa na kile tu kilichoandikwa kwenye mkataba wake.

Ajibu nini basi anayerushiwa maneno? Asitaje kiasi chake, asikikanushe pia, maana ankara imeshaonekana na kukana kutamfanya aonekane mwongo. Aeleze muundo: "Dada, hapo ndani kuna likizo yangu, bima yangu, pensheni yangu na miezi nitakayokaa bila kazi." Wengi husikia hilo na kunyamaza kwa heshima, wengine huuliza wanawezaje kufanya hivyo nao, na hilo ni swali zuri. Asianze kulipia watu chakula kwa kuona haya, kwa sababu atakuwa amekubali kwamba kuna kitu cha kufidia. Na asijisifu. Anayesema "nyie mmeridhika na vimishahara" mbele ya watu watakaompa nywila na maelezo ya mfumo anaharibu kazi yake mwenyewe. Manung'uniko yakifika mahali pa kunyimwa taarifa za kazi, amweleze meneja aliyesaini mkataba, kwa maandishi na bila jazba.

Lakini si kila mkataba ni wa fedha nyingi. Nchini Kenya, wahudumu wa afya walioajiriwa mwaka 2020 chini ya mpango wa afya kwa wote walifanya kazi kwa miaka wakilipwa chini ya wenzao wa kudumu katika wodi zilezile, na mwaka 2025 waliandamana Nairobi kudai masharti sawa. Dar es Salaam nako wapo wanaoitwa wa mkataba huku wakisaini daftari la mahudhurio asubuhi, wakitumia kompyuta ya kampuni na kuomba ruhusa ya kwenda msibani. Mwenzao akiwaambia "wewe ni mwajiriwa kama sisi, ila hawataki kukulipia NSSF", huenda amesema jambo la kisheria bila kujua. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwa kuna hata dalili moja kati ya zilizotajwa: anaelekezwa namna ya kufanya kazi, saa zake zinapangwa na mwingine, anategemea kiuchumi anayemfanyia kazi, anapewa vitendea kazi, au amefanya kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Uingereza ilitunga kanuni za IR35 mwaka 2000 kwa ajili ya sura hiyohiyo ya tatizo, ikisukumwa na kodi. Hapa kwetu mlango ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na anayepinga kuachishwa kazi ana siku 30 tu za kupeleka malalamiko yake.